Kifundo kimeteguka, maumivu yamekuja usiku

Kaka, unauliza iweje uteguke kifundo cha mguu dakika ya 60, umalize mechi vizuri, halafu usiku ushindwe kulala. Katika purukushani ile ubongo humwaga endofini, kemikali za mwili wenyewe zinazoshika vipokezi vilevile vya mofini (dawa kali ya maumivu) na kuzima taarifa za maumivu. Zikipungua, yanakuja kwa mpigo. Mimi nilidanganyika hivyohivyo, nikacheza tena kesho yake. Nikakaa nje wiki sita.

Pumzika, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15, mguu uegemeze juu ya mto. Na usichuliwe kwa nguvu sasa hivi, hata bibi akisisitiza. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma ukibonyezwa, nenda hospitali leo upigwe eksirei.