Kabla hujanunua Laser kuukuu, mimina maji kwenye tundu la mlingoti

Laser ni mashua ndogo ya tanga ya mtu mmoja, na yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Faiba ilikuwa nyeupe inang'aa, tanga halina kiraka hata kimoja, na bei ilinikaa vizuri. Wiki ya tatu, kusi limeshika, nikawa naenda joshi, yaani naukabili upepo, pale Kilindini, nikasikia mlio kama ubao unapasuliwa. Mlingoti ukaangukia majini upande wa demani, upepo unakoelekea, umeng'oka na kipande cha sitaha. Wavuvi wa mashua iliyokuwa ikirudi ndio walionivuta hadi ufuoni, Mungu awalipe.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu Laser naanza na tundu la mlingoti. Ukijua mashua hii ilivyozaliwa utaelewa sababu.

Mwaka 1969 Ian Bruce, aliyekuwa Montreal, alimpigia simu Mkanada mwenzake Bruce Kirby akitaka mashua ndogo ya kubebwa juu ya gari, ya watu wanaokwenda kupiga kambi. Kirby alikuwa mwandishi wa habari aliyejifundisha usanifu wa mashua, na mchoro wa kwanza aliuchora wakati huohuo wa simu. Tanga akalishona Hans Fogh. Mwaka 1970 wakaipeleka kwenye mashindano huko Wisconsin, na Januari 1971, kwenye maonyesho ya New York, wakapata oda 144. Leo zimeshaundwa zaidi ya 200,000, na tangu 1996 zimo kwenye Olimpiki.

Uzuri wake ni uchache wa vitu. Tanga lina mfuko unaovishwa mlingoti kama soksi, kwa hiyo hakuna henza, ile kamba ya kupandishia tanga. Hakuna pia kamba za kuushika mlingoti kutoka ubavuni wala omo. Fikiria basi: tanga la mita za mraba 7.06, upepo wote ule, na mzigo wake unaishia kwenye bomba moja la faiba, ndilo hilo tundu la mlingoti, lililogundishwa sakafuni mwa mashua. Bomba likilegea, au chini yake pakatoboka, maji yanaingia ndani taratibu na gundi inazidi kuachia. Wewe uko juu, huoni kitu.

Kwa hiyo nenda na ndoo. Jaza tundu maji hadi juu, weka alama, kisha kaa robo saa mkizungumza bei. Maji yakishuka, tundu linavuja. Halafu chomeka kipande cha chini cha mlingoti, mtu autikise kwa nguvu huku wewe umeinama unatazama sitaha inayozunguka tundu. Ikicheza hata kidogo, ama uiache ama upunguziwe bei ya matengenezo.

Kutengeneza kunawezekana, na yangu ilitengenezeka. Fundi hukata tundu la mviringo kwenye sitaha karibu na mlingoti, ndani hukaushwa kwa feni siku kadhaa, kisha shina la bomba huzungushiwa faiba mpya. Hapo sisitiza rezini (gundi ya kulowesha faiba) ya epoksi. Rezini ya kawaida ya poliesta haishiki vizuri kwenye faiba ya zamani, na mafundi wetu wengi wameizoea kwa kuwa ni rahisi. Tundu lile la mviringo utalifunga kwa kifuniko cha kuzungusha, na baadaye litakusaidia kupitisha hewa kila ukitoka baharini.

Pima uzito pia. Mashua tupu, bila mlingoti wala usukani, ni kama kilo 59. Ikizidi sana, povu lililobanwa kati ya tabaka za faiba ndani ya sitaha huenda limekunywa maji. Tembea juu yake peku: ikibonyea kama godoro, mimi nisingeinunua.

Mchanga ni adui mwingine. Suuza shina la mlingoti na tundu lake kila mara kabla ya kuchomeka, maana punje chache zinasaga bomba kama msasa. Na kile kitundu kidogo kilicho mbele, ndani ya sehemu ya kukaa, usikizibe ukidhani ni uvujaji. Jua letu likiichoma faiba, hewa ya ndani inatanuka, na inatokea hapo. Nimeona mashua iliyozibwa ikaachia kwenye maungio.

Siku hizi mpya za mashindano rasmi zinaitwa ILCA, kifupi cha jina la chama cha mashua hizi, lakini umbo ni lilelile, na ndiyo maana ya zamani iliyo ngumu bado inashindana na mpya. Kama wewe ni mwepesi, usiogope kusi. Unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti, basi. Binti yangu ana kilo 48, namfungia lile dogo la mita za mraba 4.7, na Jumamosi iliyopita alibisha dhidi ya upepo hadi boya la mbali akarudi bila kupinduka.