Nimekuta pakiti ya P2 katika sare ya binti yangu

Dada mpendwa wa Morogoro,

Unaandika kwamba una watoto 4, kwamba mume wako ni fundi uashi ambaye kipato chake hakitabiriki, na kwamba umekuwa ukinunua vidonge vya majira katika duka la dawa tangu siku ulipoambiwa zahanati kwamba vimekwisha. Mwezi ambao mzee hakupata kazi hukununua, na hivyo ndivyo ulivyompata kitindamimba wako. Sasa, ulipokuwa ukifua sare ya binti yako wa miaka 16, umekuta mfukoni pakiti tupu ya P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ukairudisha palepale, na kwa wiki mbili hujasema neno. Unauliza kama umchape, umwambie baba yake au unyamaze.

Usimchape, na tafadhali usinyamaze. Mtoto aliyetoka peke yake kwenda kununua kidonge kile alikuwa na hofu kubwa, na hofu hiyo ameibeba bila mama. Mkae wawili, labda mkichambua mchele, umwambie ulichokiona bila kupaza sauti, kisha umwulize ni nani na kama yeye mwenyewe alitaka. Naliweka swali hili mbele kwa sababu sheria ya Tanzania inahesabu kuwa ni ubakaji mwanamume anapofanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake, hata kama msichana alikubali. Akikutajia mtu mzima, jambo hilo ni la dawati la jinsia na watoto la polisi, wala halimalizwi kwa vikao vya ukoo. Baba yake atapaswa kujua, lakini msikilize binti kwanza.

P2 ni kidonge cha dharura. Hufanya kazi zaidi kikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Hakiondoi mimba iliyokwisha kutunga, na hakimkingi na VVU wala kaswende. Kukimeza kila mara ni kinga dhaifu na ya gharama. Mpeleke kituo cha afya apimwe mimba na maambukizi, azungumze na muuguzi faraghani, nawe ukubali kusubiri nje ya mlango. Najua wapo wahudumu wanaowafokea wasichana hadi wanatoka wakilia. Ukikutana na wa namna hiyo, omba kumwona mwingine, kwa maana huduma ya uzazi wa mpango ni haki ya kijana pia. Kumfundisha kutumia kondomu hakutamfanya mhuni. Ameshaanza, na anayemlinda kwa sasa ni muuza duka tu.

Kuhusu wewe, dada yangu, njia unayolazimika kuinunua kila mwezi haifai kwa nyumba ambayo fedha huja na kukatika. Katika vituo vya serikali uzazi wa mpango hutolewa bure. Sindano hukaa miezi 3, vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 au zaidi. Kipandikizi huwekwa kwa ganzi katika dakika chache. Hedhi yako inaweza kuvurugika, na usipokipenda kitatolewa. Mweleze muuguzi maradhi uliyonayo, hasa shinikizo la damu, kabla hamjachagua.

Mume wako hujamwambia kwamba ulikosa vidonge mwezi ule, naye anaamini dawa ndizo zilizoshindwa. Mwambie ukweli usiku huu, kisha mwombe mwende pamoja. Mkifika na mkaambiwa njia mliyoitaka haipo, chukueni kondomu, ulizeni shehena inayofuata itafika lini na kama kituo cha jirani wanayo, na msiondoke bila kupewa jibu.