Barua kwa mwanangu: fundi wa chapa aliyekaa kizuizini miaka kumi na moja

Mwanangu,

Huku sote wazima, mama yako anakusalimu. Umeniuliza Makhan Singh, mgeni na mtoto wa seremala, aliwezaje kuwaongoza wafanyakazi wa Kenya, na kama kweli alikuwa mkubwa hivyo, mbona baada ya uhuru hakupewa hata unaibu waziri. La kwanza ndilo lenye nyama, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913. Baba yake, Sudh Singh, alikuja kama seremala wa reli, baadaye akafungua kiwanda cha kuchapa Nairobi. Makhan alifika 1927, akasoma, kisha akaingia kazini humo. Usilipite hili haraka. Enzi hizo tangazo la ukurasa mmoja lilipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya madini ya risasi, zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kila mwandiko ulihitaji kasha lake: Kigurmukhi cha Wapunjabi, Kigujarati, na herufi za Kirumi za Kiswahili na Kiingereza. Kiurdu ndicho kilichosumbua, maana herufi zake hushikana na kuteremka, hivyo wachapaji wengi walimwachia khatati, fundi wa mwandiko mzuri, aandike kwa mkono, kisha wakachapa kwa jiwe. Aliyeshika kazi hiyo hasubiri mhariri wa gazeti amhurumie. Usiku anachapa, alfajiri karatasi ziko mikononi mwa waashi.

Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha mafundi wa Kihindi. Jambo kubwa alilolisimamia, kwa maoni yangu kubwa kuliko migomo yote, ni kuliondoa neno "Kihindi" katika jina. Kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya, na 1937 cha Afrika Mashariki nzima. Watu hulisifu kama moyo mwema. Moyo ulikuwepo, lakini pia ilikuwa hesabu. Kazi ya ujenzi Nairobi ilipangwa kwa rangi: fundi Mhindi juu, Mwafrika msaidizi chini kwa ujira mdogo zaidi. Mafundi wakigoma peke yao, kontrakta anampandisha msaidizi, anamwongezea senti chache, na mgomo umekufa. Chama cha rangi moja kilikuwa kinamtengenezea mwajiri wavunja mgomo wake mwenyewe. Usidhani mlango ulipofunguliwa watu walimiminika. Wanachama wengi walibaki Wahindi kwa muda mrefu, na hilo lilikuwa udhaifu.

Kuanzia Aprili 1937 walidai nyongeza ya asilimia 25. Waajiri wakakataa, na mgomo ukaenda siku 62. Wengi wa waajiri hao walikuwa makontrakta Wahindi, watu wa hekalu moja na wagomaji, kwa hiyo ugomvi uliingia mpaka majumbani. Walipata kati ya asilimia 15 na 22, saa nane za kazi kwa siku, na waliogoma wakarudishwa kazini. Sharti hilo la mwisho ndilo vyama vingi husahau kulidai. Nyongeza inapatikana, viongozi wa mgomo wanafukuzwa kimyakimya, na mwaka unaofuata hakuna wa kuongoza.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa India, Waingereza wakamfunga huko bila kesi. Alirudi Kenya 1947, na serikali ikahangaika kumfukuza. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai rais, yeye katibu mkuu. Serikali ikakataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni, akasimama kudai uhuru kamili. Tarehe 15 Mei wakakamatwa wote wawili, na Nairobi ikagoma zaidi ya wiki moja. Hapo ndipo kasoro ilipoonekana: ukiwang'oa viongozi wachache tu, shirikisho lisilo na usajili halina pa kusimama.

Alikaa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol, huko kaskazini mwa Kenya, hadi Oktoba 1961.

Sasa la uwaziri. Alipotoka, vyama vya wafanyakazi vilikuwa na shirikisho jingine, la Tom Mboya. Wengine husema hakuwa na kabila la kumpigia kura. Ni kweli, ila Wahindi wengine walipata viti. Mimi naipa uzito zaidi sababu nyingine: alikiri mahakamani kwamba ni mkomunisti na hakuwahi kulikana neno hilo, wakati wakubwa wapya walikuwa wakitafuta urafiki na nchi za Magharibi. Wala hakuwa mtu wa kubisha hodi kuomba cheo. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, ikatoka 1969, akafariki Mei 1973.

Ukipata likizo, karatasi zake zipo Chuo Kikuu cha Nairobi. Anza na za 1937.

Baba yako