Chuo kidogo si mbio ndogo

Ndugu, umeuliza kama kipaji cha mbio cha mdogo wako kitapotea akienda Adams State, chuo kidogo cha Alamosa, Colorado. Hakitapotea hata kidogo! Mji uko juu, mita 2,300 hivi, hewa nyepesi karibu kama Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya. Mwaka 1992, chini ya kocha Joe Vigil, wanaume wao walishika nafasi ya 1 hadi ya 5 kwenye fainali ya kitaifa ya mbio za nyika, daraja la pili la michezo ya vyuo vya Marekani. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, mwenye jumla ndogo anashinda. Wao walipata 15. Chini ya hapo haiwezekani.

Kuhusu ada, daraja hilo huruhusu ufadhili wa michezo, ila mara nyingi si kamili. Apate kiasi cha ufadhili wake kwa maandishi kabla hajakubali.