Unyevu, Chumvi na Utando: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Tando za Kupitisha Ioni

Kijana anayekuja kujifunza kutengeneza tando za kupitisha ioni, yaani karatasi nyembamba za plastiki zinazopitisha chembe zenye chaji ya umeme, kwa kawaida huuliza kwanza kuhusu polima, ile malighafi ya plastiki yenye molekuli ndefu kama mnyororo: ipi ni bora, na inauzwa bei gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kwa muda niliofanya kazi hii hapa Malindi nimeona kwamba tando nyingi huharibiwa na maji: yale yaliyomo hewani wakati wa kumimina, yale yanayobaki ndani ya utando baada ya kuukausha, na yale tunayooshea. Nitaeleza hayo kwa kutumia polima ya PEEK, plastiki ngumu inayostahimili joto, iliyotiwa vikundi vya asidi ya salfoni, ambavyo ndivyo vinavyoiwezesha kupitisha ioni. Nafion, polima nyingine ya kupitisha ioni iliyobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960, ni imara zaidi, lakini bei yake haimfai anayejifunza kwa kurudiarudia.

PEEK huyeyushwa katika asidi ya salfuriki ya asilimia 95 hadi 98 na kukorogwa kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kadiri muda na joto vinavyozidi, ndivyo vikundi vya asidi vinavyoongezeka kwenye mnyororo wa polima. Maelekezo mengi mtakayosoma husema kazi ifanyike katika joto la chumba, na waandishi wake wana maana ya nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Chumba chetu cha mwezi wa Machi hakiko hivyo, na kwa hiyo mmenyuko utakwenda kasi kuliko ilivyoandikwa. Wekeni chupa ndani ya maji yanayodhibitiwa joto, mwandike nyuzi zake za joto, wala msitamani vikundi vingi kupita kiasi, maana utando wa namna hiyo hupitisha ioni vizuri lakini huvimba, hulegea, na katika maji moto huweza kuyeyuka kabisa.

Myeyusho huo humiminwa polepole katika maji ya barafu yanayokorogwa, na polima hutoka kama nyuzi nyeupe. Hapa ndipo subira inapohitajika, kwa sababu asidi hujificha ndani ya nyuzi nene, na asiyeiosha ikaisha atapima uwezo mkubwa wa kupitisha ioni, afurahi, kumbe anapima asidi iliyosalia. Katakateni nyuzi ziwe ndogo, badilisheni maji mara kwa mara, kisha chukueni kiasi kidogo cha maji ya mwisho na kutia matone ya kloridi ya bariamu. Yakifanya wingu jeupe, salfeti bado imo, na kazi ya kuosha inaendelea.

Baada ya kukauka, polima huyeyushwa upya katika kiyeyushi cha DMSO au DMAc, huchujwa, na kumiminwa juu ya kioo kilichosawazishwa kwa pima maji. Viyeyushi hivi viwili hunyonya unyevu hewani kwa pupa. Wakati wa masika, mkiuacha utando mbichi wazi mezani, mtauona ukianza kupoteza ung'avu pembezoni, kisha weupe kama wa maziwa unasogea kuelekea katikati: maji yameingia, polima imejitenga na kiyeyushi, na vitundu vimeanza kujengeka. Utando huo hauna dawa. Mimineni ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye hewa kavu, anzeni kukausha katika nyuzi 60 za Selsiasi, pandisheni taratibu, na mmalizie kwa ombwe, yaani kwa kufyonza hewa itoke chomboni, ili kiyeyushi kisibaki kimeshikamana na vikundi vya asidi. Vaeni glovu na mfanye kazi chini ya bomba la kufyonza hewa, kwani DMAc hupenya ngozi na hudhuru uzazi.

Kipimo cha vikundi vya asidi hupatikana kwa kuloweka utando katika maji ya chumvi, kisha kupima asidi iliyotoka kwa hidroksidi ya sodiamu, na kugawanya kwa uzito wa utando mkavu. Neno mkavu ndilo lenye tabu. Tazameni mizani mara mtakapoweka kipande kilichotoka kwenye joko: tarakimu za mwisho zinapanda mbele ya macho yenu, kwa kuwa utando unakunywa unyevu wa chumba. Pimeni ndani ya kichupa chenye kifuniko, kilichopoa pamoja na silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, vinginevyo hesabu zote zinazofuata zitakuwa na kosa lile lile.

Jambo la mwisho ni maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa na kalsiamu nyingi. Utando ukisuuzwa humo, sodiamu na kalsiamu huchukua nafasi ya protoni, yaani ioni za hidrojeni za vikundi vya asidi, na kalsiamu, yenye chaji mbili, hung'ang'ania zaidi. Utando utaonekana vile vile machoni, ila kipimo cha kupitisha protoni kitashuka sana. Ikitokea, urudisheni katika asidi nyepesi, kisha msuuze kwa maji yaliyoondolewa ioni mpaka yawe hayana asidi. Lakini ikiwa utando ni wa kupunguza chumvi ya maji hayo hayo ya kisima kwa umeme, msiishie kwenye kipimo cha kupitisha protoni: uloweke katika maji ya kisima chenyewe, upimeni upya baada ya wiki kadhaa, na mwandike vipimo vyote viwili pamoja na unyevu wa hewa wa siku ulipomiminwa.