Kadi ya Sauti ya Nje: Kelele Inaingilia Wapi?

SWALI: Ninaunda kadi ya sauti ya nje inayounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kupata umeme kwa waya huohuo. Ninaposikiliza kwa vipokea sauti, nasikia mvumo mwembamba unaobadilika kila ninaposogeza kipanya. Chipu yangu ya kugeuza data ya kompyuta kuwa sauti ni ya biti 24. Je, nikiweka ya biti 32 mvumo utakwisha?

JIBU: Hautakwisha. Kila biti huongeza takribani desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele, kwa hiyo biti 24 zingetoa desibeli 144 kwa hesabu za karatasi. Lakini hata saketi iliyoundwa kwa ustadi mkubwa haifiki huko, na biti za mwisho hubeba kelele tupu. Idadi kubwa ya biti hupendeza zaidi kwenye matangazo ya biashara.

Mvumo unaofuata mwendo wa kipanya unaonyesha kwamba uchafu wa umeme wa kompyuta unapenya hadi upande wa analogi, yaani sehemu ya saketi ambako sauti husafiri kama mawimbi ya umeme badala ya namba. Volti 5 za USB zisilishe upande huo moja kwa moja: zipitishe kwanza kwenye kidhibiti volti chenye kelele ndogo, kilichotengwa kwa ajili ya analogi pekee, kisha uweke kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kutuliza volti) ya nanofaradi 100 karibu kabisa na kila mguu wa umeme wa chipu, kwa kuwa ikikaa mbali, urefu wa njia yake hupunguza kazi yake. Wengi hupenda kukata tabaka la ardhi la bodi, yaani tabaka la shaba ambalo mkondo hurudia kwenye chanzo chake, vipande viwili. Mimi siafiki, kwa sababu mkondo wa masafa ya juu hurudi chini ya njia uliyojia, na ukikuta mkato hulazimika kuzunguka huku ukisambaza kelele.

Saa ya saketi, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa kugeuza sauti, nayo isipuuzwe. Tumia kristali mbili za kutoa mapigo hayo, ya megahezi 22.5792 kwa sauti za kilohezi 44.1 na ya 24.576 kwa zile za 48, uziweke jirani na chipu ya kugeuza sauti, na uchague mfumo wa USB ambao kadi yenyewe ndiyo inayoongoza mwendo wa data.

Kabla ya kununua chochote, lisha upande wa analogi kwa betri, waya wa USB ukiwa umebaki mahali pake. Mvumo ukikoma, shughulikia kidhibiti volti. Ukiendelea, chunguza upya mpangilio wa ardhi kwenye bodi.