Fundi, Gari Langu Linalia

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fundi wa gereji, Tabata, Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999, giaboksi ya mkono, rangi ya bluu na rimu za dhahabu. Januari gia ya tatu ilisagika, nikanunua giaboksi ya mtumba wa Japani, ikafungwa hapahapa Arusha. Baada ya mwezi hivi gari likaanza kuvuma, vuuuu, kuanzia spidi 60, na kadiri ninavyoongeza ndivyo linavyozidi, mpaka redio haisikiki. Fundi wa kwanza alisema ni beringi za tairi za nyuma, nikabadilisha zote mbili. Wa pili akasema beringi ya katikati ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, nayo nikabadilisha. Wa tatu anataka tushushe giaboksi tena. Halafu kuna jambo jingine, sijui kama linahusiana: nikitoka Moshi, nikikata kona ya kuingia getini kwangu, gari linagoma kama nimesahau hendibreki, na chini kunagonga ko, ko, ko. Asubuhi halifanyi hivyo. Kwenye barabara ya vumbi pia halifanyi. Nimeshatumia zaidi ya laki tisa.
Mwenye Bluu, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hizo laki tisa. Rangi ya bluu na rimu za dhahabu naielewa, wala sikulaumu. Dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza ya rangi hizohizo mwaka 1997, kisha Richard Burns mwaka 2000, vijana wengi wa Afrika Mashariki walipata ugonjwa ambao mimi mpaka leo naishi kwa kuutibu.

Sasa barua yako. Hayo maneno uliyoyaweka mwisho kwa aibu, "sijui kama linahusiana", ndiyo yaliyonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine. Mafundi wako watatu wamehangaika na mvumo. Mimi nimeshikwa na hiyo kona ya getini. Gari likiwa la baridi linageuka vizuri. Likishatembea kilomita 80 za lami kutoka Moshi, linagoma. Kwenye vumbi halina neno. Beringi haina tabia hiyo. Ikishakufa inalia asubuhi na jioni, kwenye lami na kwenye vumbi.

Gari lako linaendeshwa na tairi zote nne, na katikati, ndani ya mkia wa giaboksi, kuna difu ya tatu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Pamoja nayo kuna kitu tunachokiita viskasi: kopo lililofungwa, ndani lina sahani nyembamba nyingi na mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikizunguka sawasawa, viskasi imelala. Zikipishana kidogo, kama unapokata kona, inaachia. Zikipishana sana au kwa muda mrefu, silikoni inachemka, inatanuka, na sahani zinashikana. Hapo mbele na nyuma vinakuwa kitu kimoja. Ukikata kona kali, tairi za mbele zinataka kupita njia ndefu kuliko za nyuma, lakini haziruhusiwi, ndipo gari linagoma na kugonga. Vumbi linakuokoa kwa sababu tairi huteleza kidogo na kupumua. Lami haitoi nafasi hiyo.

Swali la kujiuliza basi ni moja: kwa nini mbele na nyuma zinapishana kwenye barabara iliyonyooka?

Huenda ni tairi. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, umeshaanza ugomvi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya kashata zake, uandike. Kwa Subaru tofauti isizidi milimita 6 hivi ya mzunguko. Upepo uwe sawa kabla ya kupima. Kama hapo pana kasoro, umepata jibu kwa bei ya futi.

Lakini wewe gari lilikuwa zima mpaka ulipofunga giaboksi ya mtumba, na hapo ndipo moyo wangu unapodunda, kwa sababu mwaka 2011 niliwahi kumfanyia mteja kosa hilohilo kwa mikono yangu miwili. Ilikuwa Subaru Forester. Nilifunga giaboksi, ikaingia kama imezaliwa humo, bolti zote zikakubali. Wiki tatu baadaye mteja akarudi na mvumo. Nikabadilisha beringi za nyuma. Akarudi. Nikazibadilisha tena, safari hii kwa gharama yangu, maana nilidhani nimeuziwa feki. Aliyetutoa aibu ni kijana aliyekuwa bado anajifunza, kazi yake kushika tochi. Alikuwa amelala chini ya gari anazungusha tairi kwa mchezo tu, akaanza kuhesabu propela kwa sauti. Nikamwuliza anahesabu nini. Akasema, "Naona hii haifiki ile namba iliyoandikwa kwenye giaboksi." Alikuwa ameiona namba niliyoiandika mwenyewe kwa chaki.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye Subaru za mkono difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, wanakunywa oili moja. Ukibadilisha giaboksi umebadilisha na difu ya mbele, hata kama hukukusudia. Zipo zenye meno 37 kwa 9, yaani 4.111, na zipo zenye 40 kwa 9, yaani 4.444. Namba hiyo ni mizunguko ya propela kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Ukifunga ya 4.444 huku difu ya nyuma ni 4.111, mbele inataka propela izunguke hivi na nyuma inataka vile. Kwenye spidi 80, tairi la gari lako linazunguka kama mara 700 kwa dakika. Piga hesabu: upande mmoja unadai mizunguko 3,110 hivi ya propela, mwingine 2,880. Tofauti ya 230 kila dakika inamezwa na ile viskasi maskini. Saa moja ya kutoka Moshi ni zaidi ya mara elfu 13 za kusagana. Ingekuwa ajabu isingechemka.

Na mvumo? Tairi. Viskasi ikishashikana, tairi zako zinaburuzwa kwenye lami siku nzima, za mbele zinazuia na za nyuma zinasukuma. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi upande mmoja laini na upande mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, basi hizo ndizo zinazoimba vuuuu, na hakuna beringi itakayozinyamazisha. Thibitisha barabara ikiwa tupu: spidi 80, kanyaga klachi, toa gia. Sauti ikibaki ileile inayofuata mwendo wa gari, injini na klachi hazihusiki. Yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia. Beringi mbovu hubadilisha sauti uzito unapohamia upande wake. Tairi zilizoliwa meno huvuma tu, hazijali.

Sasa kuhesabu. Weka kabari tairi za mbele, inua nyuma yote na uiweke juu ya stendi, siyo jeki peke yake, tafadhali, nimeshazika rafiki. Gia iwe frii, hendibreki chini. Chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi zote mbili. Watu wawili wazungushe tairi za nyuma pamoja, polepole, mizunguko 9 kamili, wa tatu ahesabu propela. Ikizunguka 37, difu ni 4.111. Ikizunguka 40, ni 4.444. Ukizungusha tairi moja huku jingine limesimama utapata jibu la uongo, kwa hiyo msichoke upande mmoja. Kisha safisha giaboksi kwa petroli na brashi, utaona kodi, yaani herufi na namba za utambulisho, inayoanza na TY. Hiyo ndiyo itakayokwambia difu ya mbele ni ya namba gani. Wauzaji wengi wa spea za Subaru wana jedwali lake. Usikimbilie kulaumu ukiona namba ya nyuma ni ndogo: baadhi ya giaboksi hizi zina jozi ya gia inayopunguza mwendo unaokwenda nyuma, na hesabu inalingana kwa njia hiyo. Ndiyo maana nataka kodi kamili, siyo "ni ya WRX" tu.

Zikiwa hazilingani, usishushe giaboksi. Tafuta difu ya nyuma inayolingana nayo. Ni bolti chache, na inakunywa oili chini ya lita moja. Tairi ununue nne kwa pamoja, za chapa moja. Kisha nenda Moshi na kurudi. Kona ya getini ikiendelea kugoma, ujue viskasi imeshaungua. Hiyo nayo hutolewa kwa kufungua mkia wa giaboksi, huku giaboksi yenyewe ikibaki mahali pake.

Na mtu akikwambia utoe propela uendeshe kwa tairi za mbele "ili tusikilize", mkatalie. Oili itamwagika kwenye mkia, na viskasi ndiyo utakuwa umeimaliza kabisa.

SWALI: Fundi, Toyota Mark X yangu ikitoka P kwenda D inagonga mara moja, ko! Nikirudisha R, ko! Kwenye mwendo haina tatizo. Niogope?
Mama wa Area D, Dodoma

JIBU: Usiogope, mama, ila usiache mpaka mwaka uishe. Injini ikiwa imezimwa, gari limewekewa kabari na gia iko frii, fundi wako aishike propela kwa mkono na kuizungusha huku na huku. Ikicheza na kutoa mlio, ni krosi, yaani kiungo cha propela. Ikiwa imara, weka simu chini ya gari irekodi video ikilenga difu, mtu yeyote asiwe chini, kisha kanyaga breki vizuri na uhamishe gia D, R, D. Ukiona pua ya difu inaruka, bushi zake, yaani raba zinazoishikilia, zimeisha. Nazo zikiwa tulivu, tazama mauntini, yaani vishikizo vya injini na giaboksi.

SWALI: Salamu kutoka Nairobi. Nimefunga klachi ya sahani mbili kwenye Mitsubishi Lancer Evolution. Nikikanyaga pedali inapiga chaka-chaka-chaka kama sarafu kwenye mkebe. Nikiachilia inanyamaza. Fundi wangu anasema tushushe giaboksi.
Mwana wa Evo, Lang'ata

JIBU: Mwambie anywe chai kwanza. Klachi za mashindano za sahani mbili zina sahani ya katikati inayoelea. Ukikanyaga pedali hakuna kinachoibana, hivyo inacheza na kupiga kelele. Ndivyo ilivyotengenezwa, na aliyekuuzia angepaswa kukwambia. Sauti nyingine ndiyo uiogope: ukikanyaga pedali usikie wiii nyembamba kama filimbi, na pedali inatetemeka chini ya kiatu. Hiyo ni beringi ya klachi, na hapo giaboksi ishuke.